Mutura ya Nguruwe Mwitu

Kila Jumamosi, Murugi wa Gatitu alikata nyasi za ng'ombe, akafua yunifomu, halafu akaketi na mdogo wake Kinyua kungoja baba yao mdogo, Wamae, achome mutura. Nani hapendi mutura? Lakini Jumamosi moja Wamae alikuwa amenasa nguruwe mwitu kwenye shamba la viazi. Akajaza nyama na damu ndani ya utumbo, akauweka kwenye makaa, na kabla haujaiva akaanza kukata!

"Baba mdogo, ndani bado ni nyekundu," Murugi akasema.

"Ati nyekundu? Mutura ikikauka hiyo ni kamba! Kama hutaki, lamba chumvi."

Murugi akakataa kula. Kinyua akala vipande vyake na vya dadake.

Baada ya siku mbili Kinyua akaanza kuharisha. Wiki iliyofuata macho yakavimba, homa ikapanda, na miguu ikamuuma hata akashindwa kusimama. Mama alikuwa ameenda mji wa Wang'uru kununua mchele, kwa hivyo Wamae ndiye aliyembeba hadi kliniki, Murugi akiwafuata.

"Kunasa wanyama wa mwitu ni kosa. Ukitaja hiyo nguruwe nitafungwa," Wamae akamnong'onezea Murugi mlangoni. "Umesikia?"

"Mtoto amekula nini siku hizi?" Daktari Amran akauliza.

"Githeri tu. Nafikiri ameumwa na nyuki," Wamae akajibu, bila hata haya!

"Nyuki gani anaumiza miguu?"

Daktari akamgusa paja, Kinyua akapiga mayowe. Hapo Murugi akashindwa kuvumilia. Mtu mzima! Mtoto wa ndugu yake anaumia hivi, na yeye anaficha nguruwe!

"Ni uongo!" akasema kwa sauti. "Alikula mutura ya nguruwe mwitu, mbichi! Baba mdogo, unaogopa kufungwa. Na Kinyua akikufa?"

Wamae akainamisha kichwa. "Ni kweli, daktari. Hata mimi misuli inaniuma."

Wote wawili wakapimwa damu, wakaanza dawa siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache Kinyua akafungua macho vizuri, akaitisha chapati.

Daktari Amran hakucheka. "Wamae, nyama ya mwitu haijapimwa na mtu. Inaweza kuwa na minyoo midogo sana, huwezi kuiona. Ukiila mbichi, minyoo inazaana tumboni, halafu inaingia kwenye misuli. Chumvi na moshi haviiui. Nyama hiyo iacheni kabisa, na ya bucha ipikeni mpaka ndani isibaki nyekundu. Na ukimleta mgonjwa kwangu, sema ukweli. Kama huyu msichana angenyamaza kama wewe, ningekuwa natibu nyuki mpaka leo!"