Kidudu Kilichopewa Jina la Octave

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipofika mlimani juu ya kijiji cha Lubarika, pale kijisitu cha ukoo wetu kinapoanzia. Nilibeba chekeche la unga wa muhogo, shuka jeupe na mrija wangu wa kunyonyea wadudu. Usicheke, hivyo ndivyo vyombo vyangu vya kazi. Unazoa majani yaliyooza, unayachekecha juu ya shuka, na kila kinachoanguka kikitembea unakivuta kwa mdomo kupitia mrija. Ndani yake kuna wavu, usije ukakimeza.

Nilikuwa natafuta dume mmoja tu.

Mbawakawa mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Ana rangi ya kutu, kiuno kimebanwa, vipapasio vina vifundo mwishoni. Majike nilikuwa nayo tayari kwenye maabara yetu mjini Uvira, kando ya ziwa, na hakuna kitabu kilichowahi kuyaandika. Lakini vidudu vya jamii hii vinafanana mno, macho hudanganywa. Ukitaka kusema kwa hakika kwamba huyu ni huyu na si yule, sharti umpasue dume na kutazama kiungo chake cha uzazi kwa hadubini. Bila dume hakuna maelezo, na bila maelezo hakuna jina.

Jina nilikuwa nalo. La mdogo wangu, Octave.

Octave alichukuliwa na mafuriko, mto ulipobomoa nyumba Uvira na kuzisukuma ziwani. Hatukumpata. Katika ukoo wetu, asiyepatikana huzikiwa mgomba. Unakatwa, unavishwa shati lake, unafukiwa chini ya majani ya kijisitu kile. Kuanzia siku hiyo jina lake halitajwi mpaka mgomba uoze wote. Mama akanyamaza, baba akanyamaza, picha yake ikageuzwa itazame ukuta. Mimi nilichukia, na bado nachukia. Mdogo wangu si mgomba! Kama nyumbani hatajwi, nikaapa, basi atatajwa duniani kote, hata na watu wasiojua Lubarika iko upande gani.

Shangazi Léocadie, mlinzi wa kijisitu, alinisindikiza mpaka ukingoni. Ndiye aliyemlea Octave. Kuingia hakutaka.

"Chukua bidudu byako," alininong'oneza. "Ila jina yake usiiseme mule. Kuko benye habana majina. Banangojaka ya bengine."

"Nani hao wanaongoja majina ya watu, shangazi?"

"Weye njo muntu wa masomo. Utafute."

Nikaingia.

Mle ndani giza lilikuwa limetangulia. Nilitandika shuka, nikazoa majani, nikaanza kuchekecha. Cheke… cheke… Vikaanguka utitiri, siafu, tandu mdogo. Ndege walikuwa wamenyamaza bila mimi kujua wamenyamaza lini. Nikasimamisha mkono nisikilize.

Cheke… cheke… cheke…

Mlio uliendelea.

Kisha ikaja harufu. Matope ya ziwa na ndagala, dagaa wabichi wa kwetu. Huku juu mlimani!

"Yaya."

Dada mkubwa, ndivyo mdogo wangu alivyoniita. Sauti ile ningeitambua hata soko la Sange likiwa limejaa watu. Alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya shuka, na shati lake lilelile tulilomvisha mgomba. Maji yalimtiririka mwilini, yakadondoka kwenye shuka langu, na shuka halikulowa.

"Uko unatafuta nini, yaya?"

"Dume," nikajibu. Sijui kwa nini nilijibu.

Alininyooshea kiganja. Juu yake kulikuwa na kidudu kimoja chenye rangi ya kutu, mguu wake wa mbele una mwiba mdogo. Majike yangu hayakuwa na mwiba huo.

"Uniite jina yangu," akanong'ona. "Nitakupatia."

Mungu ananijua, nilitamani kumwita. Mdomo ulikwisha kufunguka. Miezi yote ile nilikuwa nimelibana jina lile kooni, na sasa mwenyewe ananiomba nilitoe… Lakini kazi yangu imenifundisha ubishi. Umbo zima halinitoshi, natafuta alama. Na Octave alikuwa na alama. Mashine ya kukoboa mpunga ilimkata ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Kiganja kile kilikuwa cha kulia. Ncha ya kidole kidogo haikuwepo.

"Unionyeshe mukono ya kushoto."

Akaunyoosha akitabasamu. Vidole vyote vilikuwa vizima, kama vile aliyemtengeneza alikiona kivuli cha Octave majini tu, kulia kumegeuka kushoto.

"Weye si yeye," nikasema.

Tabasamu lake halikuondoka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Lakini hasira ilikuwa imeipita hofu. Uvae uso wa mdogo wangu uje kuniibia jina lake? Nikatia mrija mdomoni, nikainama juu ya kiganja kile, nikavuta. Fyuu! Dume akaingia kwenye kichupa. Maji ya ziwa yakanijaa kinywani, baridi, yana mchanga. Nikayatema palepale mbele yake.

Ndipo nyuma yangu nikasikia kilio.

"Octave! Mutoto yangu! Octave, njo weye?"

Shangazi. Alikuwa ameisikia ile sauti kutoka ukingoni, na moyo wa mlezi ukamshinda. Kile kitu kikageuka taratibu, kikamtazama.

"Njo minye," kikaitika, kwamba ndiye yeye.

Kisha hakikuwepo.

Kuanzia hapo kila jioni kilibisha kwa shangazi. Hakikuingia, kiliomba chakula tu. Alikisongea bugali na kuuweka nje ya mlango, na sahani ilirudi tupu, imelowa. Yeye mwenyewe hakula. Kila nilipopanda kumwona, mifupa ya mabega ilizidi kuchomoza chini ya kitenge. Nilimsihi aje Uvira tukae wote. "Nitaachaje mutoto?" alinijibu, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa furaha. Nilielewa kwamba kile kitu kitamla kwa jina la mtu aliyempenda.

Kwa hiyo nilifanya kazi. Nilimpasua dume, nikamchora, nikampima. Nilimweleza kuanzia vipapasio hadi ncha ya tumbo. Katika kazi yetu kuna sheria moja: jina likishachapishwa lina mwenyewe, na kiumbe kingine cha jamii hiyo hakiwezi kulibeba. Watu husema sheria hiyo ni ya karatasi tu. Haya, tungeona.

Maelezo yalipochapishwa nilipanda pikipiki moja kwa moja mpaka Lubarika. Nikaketi na shangazi chumbani, mlango umefungwa. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo.

Tap. Tap. Kama mkono uliolowa.

"Shangazi. Minye Octave."

Shangazi akainuka. Nikamshika kitenge, nikasimama mbele ya mlango, nikasoma kwa sauti. Rangi ya kutu. Kiuno kilichobanwa. Mwiba kwenye mguu wa mbele wa dume. Anaishi chini ya majani yaliyooza, juu ya Lubarika. Nikafika kwenye jina: la jamii yake, halafu *octavei*, halafu langu mimi niliyemweleza, kwa sababu sheria inataka mwandishi atajwe. Nikalisoma lote.

"Jina hii iko na mwenyewe!" nikapiga kelele. "Ya ndugu yangu! Octave! Octave! Octave!"

Nililia huku naliita. Ee, lilikuwa tamu mdomoni! Nje pakawa kimya, na harufu ya ziwa ikaanza kufifia. Shangazi alikaa chini polepole, akajitazama mikono iliyokonda kama anaiona kwa mara ya kwanza, akaniomba chakula. Nilijua nimeshinda.

Kisha, nyuma ya mlango, kitu kikaanza kusoma.

Kilirudia nilichosoma mimi, neno kwa neno. Rangi ya kutu. Kiuno kilichobanwa. Mwiba. Kikafika kwenye *octavei*, kikalipita haraka kama anayekanyaga kaa la moto. Halafu kikasimama kwenye jina lililofuata. Kikalionja.

"Noella," kikasema.

Kwa sauti yangu.

Sikuitika wakati ule na sitaitika kamwe. Shangazi amenenepa, anakula vizuri, na jina la Octave hataliitikia mwingine tena. Hilo nimelipata na sijutii.

Ila jana usiku mama alinipigia simu kutoka nyumbani kwake Sange. Alinishukuru kwa kumtembelea jioni. Alisema nilikuwa nimelowa chapachapa, na kwamba sikutaka kuingia, niliomba chakula tu.

Jana jioni nilikuwa maabara.

Sasa hivi niko njiani kwenda kwa mama. Leo kikibisha, mlango nitaufungua mimi. Nitakitazama kutoka kichwani hadi miguuni, bila haraka, kama ninavyotazama kila kisichoandikwa bado. Halafu nitakipa jina lake chenyewe, kipende kisipende, na langu kitalitema.