Mabegi Chini ya Kitanda

Kila siku baada ya shule, kazi ya kwanza ya Sindano ilikuwa kupanga nyuzi. Alivua sare, akanawa mikono, kisha akazisimamisha rola za uzi kwenye dirisha la karakana: nyeusi, buluu, kijani, na nyekundu mwisho. Jua la alasiri lilipozipiga zilimeremeta, na wapita njia waligeuza shingo.

"Dirisha lako linaita wateja kuliko mdomo wangu," mama yake alizoea kumwambia, macho yakiwa kwenye cherehani. Ni mama aliyempa jina la Sindano, kwa wembamba wake, na kwa sababu hapakuwa na mahali asipopenya.

Mama alishona mabegi ya shule. Kwa miaka miwili mtaa mzima ulimsifu. Muhula huu, hata hivyo, mabegi yalianza kurudi moja moja, mikanda imeachia kwenye mshono. Kumi na moja yalikuwa yamerundikana konani. Mwalimu mkuu, aliyeagiza mabegi kila mwaka, alikuja mwenyewe.

"Mama, nitasubiri hadi mwisho wa mwezi," alisema kwa upole. "Yakiendelea hivi, nitatafuta fundi mwingine."

Ndipo mama aliposikia habari za ruzuku. Serikali ilikuwa imetenga fedha za kusaidia biashara ndogo kulipia ushauri wa wataalamu; mwenye biashara alichangia kidogo tu. Mama alijaza fomu siku tatu, akifuta na kuandika upya, huku Sindano akimsomea maswali. Jibu lilikuja: mtaalamu wa ushonaji angefika Jumamosi, kwa siku moja tu.

Ijumaa, darasani, jirani wa dawati wa Sindano aliinua begi lililoning'inia kwa mkanda mmoja. "Mabegi ya mama yako ni ya kubebea hewa," alisema. "Ukitia daftari tu, umeliua."

Darasa lilicheka. Sindano naye alicheka, moyo ukimuuma.

Kesho yake asubuhi, mama alipotoka kununua kitambaa, Sindano aliyakusanya mabegi yote kumi na moja akayasukuma chini ya kitanda chake.

"Yale mabegi yako wapi?" mama aliuliza aliporudi.

"Mwalimu mkuu ametuma mtu kuyachukua."

"Yote? Leo?"

"Yote, mama."

Kabla mama hajauliza zaidi, hodi ilisikika mlangoni. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alikagua cherehani, akapima kitambaa, akamwomba mama ashone mkanda mmoja mbele yake. Saa zilikwenda.

"Cherehani nzima, na mkono wako mzuri, mdogo wangu," alisema. "Hebu nione begi lililoharibika."

"Yamechukuliwa, dada. Labda nikueleze yalivyokuwa."

"Maelezo ni nusu ya habari. Nisipoliona nitabahatisha, na serikali hainilipi kubahatisha." Akatazama saa yake.

Sindano, aliyesimama mlangoni, alimwona mama akiuzungusha utepe wa kupimia kwenye kidole hadi ncha ikakosa damu. Hakuweza kuvumilia. Alikimbilia chumbani, akatambaa chini ya kitanda, akarudi amekumbatia mabegi hadi kidevuni.

"Yako hapa. Nilidanganya," alisema. "Sikutaka mgeni aseme mama hajui kushona."

Mshauri alikuwa ameshalaza begi moja mezani.

"Kitambaa hakijachanika," alisema taratibu. "Kilichokatika ni uzi." Aliinua macho kuelekea dirishani. Akachukua rola nyeusi, akavuta uzi kidogo, ukakatika kama bua kavu. Kisha akavuta uzi wa rola mpya kutoka kabatini. Huo ulimwachia alama vidoleni.

"Hizi za dirishani hukaa juani muda gani?"

Sindano alisogea mezani. "Kila siku. Mimi ndiye ninayezipanga, tangu muhula uliopita."

"Basi tumempata mwizi, naye ni jua," mshauri alisema. "Linakula uzi polepole, kama kutu inavyokula msumari. Hapo huna kosa, mwanangu. Ungejuaje, na hakuna aliyekwambia? Ulikosea kule chini ya kitanda."

Wiki iliyofuata mama alishona upya mikanda yote kwa uzi mpya, na nyuzi zikahamia kwenye kopo lenye kifuniko. Mwalimu mkuu alilijaza begi moja vitabu, akalitundika ofisini siku tatu. Siku ya nne aliagiza mabegi ya muhula mzima.

"Hili nalo la hewa?" jirani wa dawati aliuliza alipopokea lake.

"Jaza mawe ukitaka," Sindano alimjibu.

Alasiri hiyo alisimama mbele ya dirisha tupu. "Mama, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika, sikufichi." Mama alisimamisha cherehani. "Lakini uliingia chini ya kitanda mara mbili. Mara ya kwanza ulikwenda kuficha, na karibu tupoteze kazi. Mara ya pili ulikwenda kufichua, ukatuokoa. Aibu ni mshauri mbaya, mwanangu, hata akija bure. Anayetaka kusaidiwa huonyesha panapomuuma."

Kisha akamsogezea kopo. "Sasa nipe uzi wa buluu. Na ufunike."