Kabla Oliva Hajauza Cherehani

Mwezi wa tisa, wakulima wa Mbinga wakiwa wamelipwa fedha za kahawa, kila mwenye cha kuuza hupanda milima kwenda huko. Mwaka 2005 ilikuja kampuni ya unga wa lishe iliyojiita Uzima Tele. Ilikodi ukumbi karibu na stendi ili kutafuta wanachama, na watu wakajaa hadi madirishani.

Oliva alibanwa katikati ya benchi. Alivaa gauni la kitenge cha bluu aliloshona mwenyewe, kiuno kimekaa sawasawa. Kushoto kwake alikaa mwanamume mrefu, shati lake jeupe lina vumbi la maganda ya kahawa. Alinyoosha mkono.

"Hilo kopo la unga wa lishe," alimwuliza msemaji, "ni nani analinunua ili alitumie tu, bila kujiunga?"

Msemaji alitabasamu, akasema swali ni zuri, litajibiwa mwisho. Mwisho ulifika, halikujibiwa.

"Kaka, umetuharibia semina," Oliva alimwambia wakitoka.

"Pole, dada. Naitwa Tadei. Kazi yangu ni kukagua kahawa. Siamini gunia mpaka nitie mkono ndani."

"Na gauni langu?"

"Hilo ni la daraja la kwanza. Nani fundi wako?"

"Unaongea naye."

Kesho yake Tadei alimletea suruali ya kupunguzwa kwenye kibanda chake cha ushonaji. Wiki iliyofuata akaleta mbili. Suruali zilipokwisha akawa anakuja mikono mitupu, anakaa kando ya cherehani, anakunywa chai. Asipokuja, alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utakonda."

Lakini Oliva hakuisahau Uzima Tele. Kiingilio kilikuwa laki mbili, naye hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni ile cherehani ya miguu, aliyoipata kwa kushona sare za shule miaka mitatu. Ndiyo iliyomlisha. Mama Gertrude wa duka la vitambaa alikubali kuinunua, atakuja kuichukua Jumamosi.

"Tazama," Oliva alimwonyesha Tadei karatasi ya kampuni. Kwenye picha, mtu aitwaye Mansuetus wa Liuli alisimama mbele ya nyumba ya bati, na boti ya injini pembeni. "Huyu ni mtu wa kwetu ziwani. Mnyasa hawezi kumdanganya Mnyasa mwenzake."

"Umemwuliza?"

"Picha haitoshi?"

"Picha ni gunia lililofungwa, Oliva."

"Mimi nataka uwe mguu wangu wa kwanza." Ndivyo walivyofundishwa: kila mwanachama atafute watu wawili wa kuingia chini yake, mguu wa kulia na wa kushoto, na hao nao watafute wao.

"Sitaki kuwa mguu wako. Nataka kuwa mume wako."

Neno zuri, wakati mbaya.

"Kumbe ndiyo hivyo," Oliva alisema. "Unanitaka nikiwa sina kitu, nije nikuombe hata hela ya chumvi."

"Sijasema hivyo. Nenda Liuli, mwulize huyo mzee. Ukirudi na habari njema, nitajiunga kwa fedha yangu."

"Nitakwenda. Na usinipigie simu."

Alhamisi akaondoka. Ufunguo wa kibanda alimwachia jirani muuza maandazi: Mama Gertrude akija, apewe cherehani.

Alifika Liuli Ijumaa jioni, akalala kwa shangazi yake. Asubuhi, ufuo mzima ukinuka dagaa wa usipa walioanikwa, alimkuta Mansuetus akishona wavu mbele ya nyumba ya nyasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Oliva alimpa karatasi. Mzee alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Nyumba hii ya pichani ni ya shemeji yangu, iko Mbamba Bay. Boti ni ya mtu mwingine. Waliniambia nyumba kama hiyo nitaipata, kwa hiyo picha itangulie."

"Unauza makopo mangapi kwa mwezi, baba?"

"Nimwuzie nani? Kila mtu anasema nimpe bure aonje." Mkewe alitoka na kopo moja, ndani alikuwa ameweka chumvi. Mengine ishirini yalikuwa chini ya kitanda, hayajafunguliwa. "Nilimwingiza mdogo wangu Nazari. Akauza mbuzi wake wote. Sasa hata kanisani, tukiambiwa tupeane amani, mimi ananiruka."

"Watu wengine hawajaja kukuuliza?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Oliva alitazama saa. Saa nne, Jumamosi. Alipanda kilima kwa mbio hadi pale simu ziliposhika mtandao, akajipenyeza kati ya watu waliokuwa wakipiga zao.

Tadei alipokea mara moja.

"Kimbia kibandani kwangu. Mama Gertrude asichukue cherehani."

Upande wa pili Tadei alisikika akimwambia mtu asubiri.

"Tadei, usiniambie ameshachukua."

"Hajachukua. Nimeikalia."

"Umeikalia?"

"Tangu saa mbili. Muuza maandazi aliniambia inachukuliwa leo. Nimemwambia Mama Gertrude asubiri mpaka mwenyewe aseme. Ameleta kiti chake, tunatazamana."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ungepiga ukasema niondoke, ningeondoka."

Oliva alikaa juu ya jiwe, akacheka hadi machozi, watu wakimtazama.

"Mpe simu Mama Gertrude."

Tadei akampa.

"Mama, shikamoo. Naomba unisamehe, siuzi tena."

"Marahaba. Ungesema mapema ningekwenda kunywa chai. Na huyu utamfanyaje? Amekaa hapa kama sanamu ya kanisani."

"Mrudishie simu, mama."

"Oliva," Tadei alisema, "lile neno langu bado lipo."

"Nimelisikia. Lakini mimi sasa sijiungi na kitu bila kuuliza. Nitafika kwenu Mapera."

"Nenda. Mwulize yeyote."

Akaenda kweli. Aliwauliza wanawake kisimani, akamwuliza mwenye nyumba aliyempangisha Tadei zamani kule Mpepai. Mwisho alimkuta mama yake Tadei shambani, akamwamkia na kusema wazi kilichomleta.

Mama aliegemea jembe, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Ni mbishi. Anakoroma. Fedha ikimfikia mkononi, nusu anampa kila mwenye shida. Lakini hajawahi kula cha mtu."

"Basi, mama?"

"Ulitaka nikuongezee ubaya?"

Jioni Oliva alimpigia Tadei.

"Mlete mshenga."

"Wamekuambia nini huko?"

"Ukweli."

"Wote?"

"Wote. Ndiyo maana nimekubali."