Aliyepokea Lindo

Kaka yangu alirudi nyumbani asubuhi ya kawaida kabisa. Mama alikuwa ameshakwenda kwenye jiko la shule anakopikia, na mimi nilikuwa uani naanika mashuka, kwa sababu siku hiyo sikuwa na zamu katika maabara ninayofanyia kazi. Alisukuma geti kwa bega, begi la kijeshi mgongoni, akasimama kunitazama nikibana kibanio cha mwisho.

"Mkaguzi," akasema. "Shuka lako limepinda."

Jina hilo alinipa tukiwa wadogo, kwa vile sikuweza kutoka nyumbani bila kurudi kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Nilicheka, nikampokea begi. Hapo ndipo nilipoyaona macho yake. Yalikuwa mekundu, makavu, kama ya mtu aliyeshinda akipuliza kuni mbichi.

Alikuwa amepewa likizo ya matibabu. Daktari wa jeshi alimwambia hana jeraha, ana uchovu tu. Akili imebebeshwa kuliko uwezo wake. Alimpa vidonge vya usingizi na zoezi moja: moyo ukianza kumwenda mbio, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona mbele yake. Nililipenda zoezi hilo. Mimi mwenyewe ni mtu wa wasiwasi, na chuoni, wakati wa mitihani, niliwahi kufundishwa kitu kama hicho.

Lakini hakulala. Vidonge alimeza, na bado akasimama. Ukumbi wetu ni mwembamba, unaanzia mlango wa mbele na kuishia jikoni. Alichagua katikati yake, mgongo ukutani, uso mlangoni. Mama akirudi kutoka kazini anamkuta hapo. Mimi nikiamka namkuta hapo. Mwanzoni mama alimtania.

"Afande, hata huyo mwizi unayemsubiri kashachoka."

"Nanyoosha miguu tu, mama."

Baadaye utani ukaisha. Nyumba nzima ilichoka. Mama alianza kusinzia huku anamenya viazi, kisu mkononi. Kaka alikonda mpaka shati likawa linaning'inia kama bado liko kwenye kamba. Nilipompigia daktari simu, hakunificha. Alisema mwili una mwisho wake. Asipolala karibuni, moyo utasimama.

Mchana mmoja, jua kali, nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, nikamwambia tufanye zoezi.

"Haya, taja vitano."

"Kitasa," akasema. "Ndoo. Kalenda. Malapa ya mama."

Akakunja kidole cha nne.

"Bado kimoja, kaka."

"Yeye."

Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na uwanja mtupu, jua, na geti lililofungwa.

"Yeye nani?"

"Punguza sauti." Midomo yake haikusogea sana. "Jana alikuwa kule getini. Nikisinzia, anasogea."

Ndipo aliponisimulia, kwa kunong'ona, bila kuyaondoa macho mlangoni. Kambini kwao mlinzi haondoki mpaka abadilishwe kwa maneno. Anayetoka husema, "Lindo nimekabidhi." Anayeingia hujibu, "Lindo nimepokea." Bila jibu hilo huondoki, hata mvua ikupige, hata tumbo likukate. Alfajiri moja alipanda kilimani kumbadilisha rafiki yake, waliyemwita Redio kwa kuwa hakujua kunyamaza. Alfajiri ile Redio hakupiga soga. Alikuwa amempa mgongo. Alisema maneno yake, kaka akajibu yake. Redio akateremka. Hakuaga.

Kulipopambazuka, sajenti alipanda kumtafuta Redio, kwa kuwa hakuwa amefika kambini. Redio alikuwa amelala ndani ya handaki, nyuma tu ya pale aliposimama kaka. Ameshakakamaa. Daktari wao alisema alikufa usiku, mapema.

"Nilipokea lindo kwa maiti, mdogo wangu."

Asubuhi hiyohiyo kikosi kiliondolewa kwa haraka. Malori yalikuwa yananguruma, watu wanarushiana mabegi. Hakuna aliyekumbuka kumbadilisha.

"Basi nikabidhi mimi," nikasema. Sikuwa naamini chochote. Niliona ni tiba kama zoezi lile, maneno tu ya kuituliza akili.

"Thubutu," akasema. "Atakayelipokea, anampokea na huyo."

Nikasikia pumzi nyuma yetu. Mama alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, amesimama mlangoni mwa jikoni, mkoba umemdondoka miguuni. Unga ulikuwa umemganda mikononi. Sijui alisikia kuanzia wapi.

Alivua viatu, akaja akasimama ubavuni mwa mwanawe, akautazama mlango. Kaka alikuwa anayumba. Kope zikashuka. Zikapanda. Zikashuka.

"Umechoka, baba," mama akanong'ona.

"Nimechoka, mama."

"Basi sema."

"Siwezi kukufanyia hivyo."

Kope zikashuka tena. Hazikupanda. Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliye usingizini tayari.

"Lindo nimekabidhi."

"Lindo nimepokea," mama akajibu. Upesi, kama anavyompokea mtu mzigo mlangoni kabla hajamuuliza umebeba nini.

Kaka aliteleza ukutani mpaka sakafuni. Alikuwa anakoroma. Nililia kwa furaha, nikamfunika kwa kanga. Mama hakugeuka kumtazama.

Alilala mchana ule, usiku wake, na sehemu kubwa ya siku iliyofuata. Aliamka akaomba chai. Hakukumbuka kusema neno lolote, na sisi hatukumwambia. Akanenepa. Daktari alimsifu kwa kupambana, akamruhusu arudi kazini. Siku hizi anafundisha makuruti. Ananitumia picha akicheka.

Mama ameacha kazi. Anasema ni uzee tu, usingizi umemkimbia. Nilimwekea kiti ukumbini. Hakikalii. Nimempeleka hospitali, nimempa vidonge, nimemsomea yote niliyowahi kusoma kuhusu uchovu. Ananisikiliza kwa adabu, uso ukiwa mlangoni. Siku moja nilimwomba anikabidhi, japo kwa muda mfupi, ajinyooshe.

"Wewe wasiwasi ulionao unakutosha," akasema. "Nenda kalale. Na usinirudie na hilo neno."

Nilikwenda. Najua neno lenyewe ni jepesi. Kila siku nampita pale ukumbini nikiwa nimebana meno.

Jana jioni mikono yake ilichoka hata kushika kopo, nikamwogesha. Alitaka mlango wa bafu uwe wazi ili auone ukumbi. Nilipopitisha dodoki begani, akashtuka.

"Hapo taratibu."

Ngozi ilikuwa imechubuka. Mstari mnyoofu, wa upana wa vidole vitatu, ulianzia juu ya bega ukashuka kuelekea kwapani, kingo zake zimeiva na kuwa nyeusi. Alama ya kitu kizito kilichobebwa muda mrefu. Mama habebi vitu begani. Masufuria ya shule hubebwa na watu wawili, kwa mikono.

"Umeumia wapi, mama?"

"Sijaumia. Suuza, maji yanapoa."

Nilipomaliza, nilitoka uani nikampigia kaka. Nilimweleza upana, rangi, mahali unapoanzia na unapoishia. Hakunitania.

"Huo ni mkanda wa bunduki," akasema. "Hata mimi nilikuwa nao. Ulifutika nilipopata usingizi." Kisha akauliza, "Uko bega gani?"

"La kushoto."

Nilisikia makuruti wakiimba kwa mbali nyuma yake. Wimbo wao ukaisha, wakaanza mwingine.

"Mimi nilibeba kulia," akanong'ona. "Sote tulibeba kulia. Redio peke yake ndiye aliyekuwa mtu wa shoto."