Kidonda Kilichofunguliwa Mara Nne

Albert Etabo alikutwa amekufa asubuhi nyumbani kwake mjini Baraka, kalala kifudifudi mkekani, damu imefika mpaka kizingitini. Jeraha lilikuwa moja tu, nyuma ya goti la kushoto. Mkewe, Anastasie, alisema wezi wenye visu waliingia alfajiri wakakimbia. Nani angebisha? Ulikuwa mwaka 2017, bunduki zililia kila wiki kwenye milima ya Fizi, na kila nyumba ilikuwa na wezi wake wa kuogopa.

Majirani hawakungoja polisi. Walishamkamata Kayitare, mfugaji wa Minembwe aliyepanga chumba cha pili. Kosa lake? Ana kisu cha kuchinjia, na katoka mlimani, huko kwenye bunduki. Basi! Inspekta Bonaventure Lwaboshi alimfungia mahabusu ili asiuawe, na umati ukajaa mlangoni pa kituo cha polisi ukidai apewe wao. Askari alikuwa nao watatu tu.

Alirudi nyumbani kwa marehemu, akainama juu ya maiti. Mkato ulikuwa mfupi, umenyooka, wa wembe. Mikono ya marehemu haikuwa na hata mchubuko. Chini ya mguu palikuwa na kitenge kilichokunjwa vizuri, na ngozi ilinuka spiriti. Mwizi gani huyo anayemsafisha mtu mguu kabla ya kumkata?

Akaenda kituo cha afya. Muuguzi Dorothée alimtolea fishi, kadi ya mgonjwa. Risasi ya mwaka uliopita nyuma ya goti, kisha kidonda kipya palepale, mara tatu. Kila mara matibabu yalilipwa na mutuelle, ile bima ya afya ambayo wanachama huichangia kila mwaka.

"Kidonda kimoja mara tatu, mama?"

"Haikuwa kidonda, Afande. Ilikuwa tramadol."

Akaeleza polepole. Albert alipewa vidonge vya kutuliza maumivu ya risasi. Maumivu yakaisha, vidonge vikamng'ang'ania, akafika kumi na vinne kwa siku. Dawa yake ni kitanda hapo kituoni na mtu wa kumpunguzia kidogokidogo. Lakini mutuelle ilikataa kulipia ulevi wa vidonge, na nyumbani kwake hapakuwa na kitu. Kidonda, ndiyo, kinalipiwa siku kumi na tano za kulazwa. Dorothée alikiri alishuku mapema kwamba kidonda kinafunguliwa makusudi, akanyamaza, akaendelea kumpunguzia vidonge.

Bonaventure hakumuuliza ni nani waliokataa. Alirudi kituo cha polisi, alikokuwa Anastasie akingoja kutoa maelezo, akaketi mbele yake.

"Mama, wembe iko wapi?"

Anastasie akakaza pindo la kitenge alichovaa.

"Unasikia watu kule nje? Banataka kumuua Kayitare. Na wewe unajua hana kosa."

Anastasie akalifungua pindo, akatoa wembe.

"Ni mimi. Albert mwenyewe alilala, akasema kata. Mara tatu nilikata muzuri. Leo mukono ilitetemeka, ikaingia ndani sana."

"Mbona hukuita watu?"

"Alinikataza. Wakijua ni sisi, mutuelle itatufukuza. Nilifunga kidonda, nikafunga. Kisha akanyamaza."

Bonaventure alitoka nje akawaambia watu ukweli. Walinung'unika, wakatawanyika mmoja mmoja, na Kayitare akafunguliwa bila mtu wa kumwomba radhi. Kisha inspekta akachukua kalamu aandike maungamo. Alipofika kwenye sababu ya kosa, akamuuliza Anastasie kwa nini walirudia mara ya nne.

"Kile kidonda ilipona Jumatatu, bakamutoa kitandani. Alikuwa amebakisha vidonge viwili kwa siku, Afande. Kutoka kumi na vinne! Tulitaka siku kumi na tano tu, amalize. Andika ile pia."

Aliandika. Aliona aibu kuinua uso. Hatimaye akasema kwamba siku ya mkutano wa mutuelle parokiani, wanachama walipoulizwa kama mutuelle iwalipie watu kama Albert, yeye alinyoosha mkono kukataa, wa kwanza kabisa.

"Ninajua," Anastasie akasema. "Nilikuwa nimekaa nyuma yako."