Sarafu Iliyong'aa Kupita Kiasi

Alhamisi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Bwana Azzan bin Saleh alifungua kisanduku cha mvule dukani kwake, Mtaa wa India, Bagamoyo, akatazama ndani. Sarafu ilikuwamo. Tena ilikuwa inang'aa, na huko kung'aa ndiko kulikomtoa jasho.

Wewe na mimi tungefurahi kuona fedha yetu inametameta. Lakini muuza sarafu za kale si mimi na wewe. Ile ilikuwa rupia mbili ya Mjerumani, ya mwaka 1893, upande mmoja mfalme kavaa kofia ya vita, upande wa pili simba na mtende. Kwa miaka thelathini aliyokuwa nayo, ilikuwa nyeusi kama tako la chungu, na weusi ule ndio uliokuwa cheti chake cha kuzaliwa. Dukani mle mlikuwa na sarafu nyingine za kale, heleri na reale, na nishani za askari wa zamani, ila watu walifunga safari kutoka Dar kwa ajili ya hiyo moja.

"Imebadilishwa," alisema Bwana Azzan, wala hakuipima. "Hii bandia."

Kisanduku kilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja alikuwa nao yeye, wa pili alikuwa nao Khamis, msaidizi aliyemfanyia kazi kwa miaka kumi na minne. Saa tatu haijatimia, Khamis alikuwa mahabusu, na mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba ni mwizi.

Inspekta Mardhiya alikabidhiwa jalada saa tatu na nusu. Mkuu wake hakuzunguka mbuyu. Mlalamikaji alikuwa mtu mzito, mtuhumiwa alikuwa na ufunguo, kwa hiyo saa tisa alasiri jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka. Mardhiya aliitia sarafu ndani ya bahasha, akaifunga kwa lakiri, akatoka. Kwenye benchi la nje aliketi Mwaija, mke wa Khamis, mimba yake ya miezi minane, hajala tangu asubuhi.

"Afande," alisema Mwaija bila kuinua uso, "kazi hii watu huaminiwa roho tu. Akitiwa doa, hakuna tena atakayemfungulia kisanduku. Na kazi nyingine hajui."

Mardhiya alimpita. Lakini maneno yale yalimkaa kifuani, na alikwenda nayo mpaka chumba cha mahojiano.

"Jumanne ulikwenda Kiwangwa ghafla," alimwambia Khamis. "Kufanya nini?"

"Mama alianguka shambani, kwenye mananasi. Nikalala huko. Nimerudi jana magharibi."

"Na leo ni wewe uliyefungua duka."

"Kama siku zote," alisema Khamis. "Afande, mzee mwenyewe alinifundisha nisiishike ile sarafu kwa kidole kitupu. Jumatatu saa kumi na moja nilikuwapo, bwana wa Dar anaitazama, nyeusi vilevile. Tangu hapo sijaiona."

Mardhiya alipiga simu Kiwangwa, kwa mtendaji wa kijiji. Ni kweli mama alianguka, ni kweli mwana alilala huko. Haikumsaidia kitu, maana mtu anaweza kuuguza mama yake na sarafu imo mfukoni.

Bwana wa Dar alikuwa Nawaf, mnunuzi wa sarafu, aliyefikia kwenye nyumba ya wageni karibu na soko la samaki. Alikuwa amefungasha begi tayari, na hilo halikumpendeza Mardhiya hata kidogo.

"Unakimbilia wapi?"

"Nikimbie nini? Nilikuja kununua, leo naambiwa ni bandia. Nikae nile upepo?" Nawaf alikaa kitandani. "Jumatatu niliishika mbele yao wawili, kwa glavu, nikairudisha. Tangu hapo sijakanyaga dukani. Muulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikubali. Mardhiya alifungua bahasha, akamwonyesha sarafu bila kumpa. Nawaf aliitazama, akakunja uso kana kwamba amelamba shubiri.

"Hata ingekuwa ya kweli, hii imeuawa. Imesuguliwa. Mtu wa fani yetu hasugui sarafu, Afande. Ukitaka kunifukuza, nipe iliyosuguliwa."

Mardhiya alisogeza sarafu puani. Kulikuwa na harufu ya uchachu hafifu, na harufu ile alikuwa anaijua. Bibi yake kule Pangani alikuwa akifungua kasha na kusugua vikuku vya fedha kila ikikaribia harusi, na nyumba nzima inanuka hivyo. Ulikuwa ukwaju.

Saa tano na robo alikuwa sebuleni kwa Bwana Azzan, nyuma ya duka. Nyumba ilijaa wanawake, maana mjukuu wake, Shurooq, alikuwa anaolewa kesho yake. Kaka wa bi harusi, Muzammil, alimletea kahawa mwenyewe. Kijana wa miaka thelathini, msafi, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, babu," Mardhiya alimwambia mzee. "Ufunguo wako huuacha wapi?"

"Hautoki shingoni."

"Hata ukioga?"

"Nikioga nauangika msumarini, pamoja na wa duka, chumbani kwangu. Humu ndani wote ni damu yangu, nani auguse? Mwizi mnaye, Afande. Mnangoja nini?"

"Tunaumia sote," alisema Muzammil kwa upole. "Khamis tulimwona mwenzetu. Mimi wiki hii hata dukani sijafika, nimeshikwa na mambo ya harusi. Mara mapambo, mara vikuku vya dada kupeleka kusafishwa."

"Vimesafishwa na nani?"

"Mzee Haji, sonara. Mji huu kuna mwingine?"

Kweli hakuna. Mzee Haji alikuwa na kibanda chake nyuma ya msikiti, na mbele yake bakuli la ukwaju na majivu. Mardhiya alimwamkia, akamwekea sarafu juu ya meza. Mzee aliitambua papo hapo, wala hakuwa na la kuficha.

"Hii nimeiosha mimi. Ililetwa Jumanne asubuhi pamoja na vikuku. Tangu nianze kazi hii sijamrudishia mtu fedha chafu. Hainitoki mkononi mpaka iwake."

"Uliambiwa uioshe?"

"Niambiwe? Fedha ikija kwa sonara inaoshwa, mwanangu. Niliambiwa niitengenezee mwenzake, ya kidani cha bi harusi. Nikaitengeneza kwa fedha mchanganyiko. Nilitaka kuitia kipete cha kupitisha mkufu, nikakatazwa. Nikajiuliza, kidani gani hakina pa kupitisha mkufu? Lakini ya watu hayo, nikanyamaza. Jana alasiri akachukua zote mbili, nimezisugua sawasawa, zinameta kama pacha."

Mardhiya aliuliza, "Utazitofautishaje?"

"Kazi yangu naitia nukta tatu ukingoni, ndogo, uzitafute kwa lenzi. Na uzito. Ile yangu haikufika gramu ishirini na moja." Aliiweka sarafu kwenye mizani. Gramu ishirini na tatu na kitu. Aliipitisha chini ya lenzi, ukingo wote. Hapakuwa na nukta.

"Nani aliyeileta?"

Mzee Haji akamtaja, kisha akafunga kibanda akamfuata.

Saa nane na nusu walikuwa dukani wote. Bwana Azzan alikaa kitini kwake. Nawaf alisimama na begi lake. Muzammil aliegemea kabati la nishani. Khamis aliletwa na pingu, Mwaija nyuma yake, na Mzee Haji alibaki ukumbini kwanza. Ilikuwa imebaki nusu saa.

"Nina habari moja," alisema Mardhiya, akaiweka sarafu kwenye mizani ya duka. "Bwana Azzan, soma."

Mzee aliinamisha miwani. Alisoma, akasoma tena, akachukua lenzi yake akamtazama simba kwa muda mrefu.

"Ni yenyewe," alisema. "Ya Rabi, ni yenyewe."

Nawaf alishusha pumzi. Khamis alifumba macho. Mwaija alimsogelea mumewe. Mtu mmoja tu hakupata nafuu.

"Haiwezekani," alisema Muzammil.

"Kwa nini?" Mardhiya alimgeukia. "Kila mtu hapa amefurahi. Wewe umejuaje kwamba haiwezekani?"

Mardhiya hakumpa nafasi ya kutunga.

"Jumatatu usiku au Jumanne alfajiri babu yako alikuwa bafuni, ufunguo msumarini. Jumanne ukaitia sarafu kwenye mfuko wa vikuku. Ulitaka bandia irudi kisandukuni, wewe ubaki na ya kweli. Hukujua kwamba sonara ataziosha zote mbili. Jana ulipozitoa mfukoni zilikuwa sawa, na kumrudia Mzee Haji kumuuliza ipi ni ipi ukaogopa. Ukabahatisha, ukairudisha moja kisandukuni usiku kwa ufunguo uleule. Uliyonayo wewe ni bandia, ile isiyofika gramu ishirini na moja. Mzee Haji, karibu ndani."

Muzammil alipomwona sonara mlangoni, uso ulimsawijika. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa sarafu, akaitupa juu ya kioo.

"Jumamosi nilikuwa naipeleka kwa mtu Dar," alisema. Kisha akamgeukia babu yake, na sasa sauti ilikuwa si ya upole tena. "Miaka kumi na minne, babu. Ufunguo wa pili ulimpa mtoto wa mkulima wa Kiwangwa. Mimi mjukuu wako hata kulifuta vumbi lile sanduku hukuniruhusu. Nikasema sawa, tuone utamwamini mpaka lini."

"Ungemwacha afungwe?" mzee aliuliza.

"Wewe ndiye uliyemfunga."

Bwana Azzan aliitazama sarafu, akamtazama Mardhiya, na taratibu akaanza kujikusanya, kama mfanyabiashara yeyote mwenye harusi kesho.

"Afande, mali imeonekana. Hakuna kilichopotea. Mtoeni Khamis, nitamtuliza mwenyewe, tulifunge hili."

Mardhiya alimfungua Khamis pingu. Khamis alijikanda vifundo vya mikono, akausogeza ufunguo wake mpaka mbele ya mzee.

"Sitaki kutulizwa, mzee wangu. Asubuhi jina langu uliliandika kituoni kwa mkono wako, na mtaa wote ukausikia mdomo wako. Hakuna kilichopotea? Mimi ndiye niliyepotea. Nenda ukaandike la mwizi palepale, kisha uwaambie haohao."

"Ni mjukuu wangu, Khamis. Dada yake anaolewa kesho."

"Na huyu anajifungua mwezi ujao," alisema Khamis, akamshika mkewe mkono.

Saa tisa kasorobo Mardhiya alifungua jalada juu ya kioo cha duka, akatoa karatasi safi ya maelezo, akaweka kalamu juu yake. Ukumbini walishakusanyika watu, wanawake wa harusi nao wamechungulia. Bwana Azzan aliitazama ile karatasi, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Kisha akafuta miwani, akaishika kalamu, akaandika jina la mjukuu wake, Muzammil, kwa herufi kubwa. Alipomaliza alinyanyuka kwa shida, akaenda mwenyewe mlangoni kuwaambia watu.