Rangi Tu

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nane mchana, na hakuna aliyeona yakiharibika. Seremala alikuwa anapiga randa mlango wa kabati. Binti yake wa miaka kumi na mbili, aliyemwita Njiti kwa wembamba wake, alikuwa amemaliza kufagia maranda kama kila Jumamosi.

"Baba, naomba niende banda la video. Wenzangu wote wanaenda."

"Wanaonyesha nini leo?"

Njiti akampa karatasi ya tangazo. Seremala aliacha shule mapema, hivyo alisoma kwa kidole. "Shu-ja-a... wa... vi-che-ke-sho." Pembeni palikuwa na kiduara chekundu chenye namba 18.

"Aa, sehemu ya kumi na nane! Mwanzo wote umekupita," akasema. "Haya nenda, kacheke. Tangu mama yako afariki, nyumba hii imepoa mno."

Kiduara kile kililetwa na wakubwa wa ofisi ya kukagua filamu. Walikileta wakaenda zao. Hawakuona haja ya kuandika neno moja la kumweleza mtu wa msumeno kwamba ile ni miaka. Mwenye banda, aliyeitwa Bwana Pazia kwa sababu ya pazia zito la mlangoni kwake, alijua maana yake vizuri. Lakini siku hiyo hakumuuliza mtoto yeyote umri.

Shujaa wa filamu alivaa kofia ya njano. Alikata maadui vipande vipande, na damu iliporuka akakonyeza jicho na kusema, "Rangi tu!" Banda zima likaangua kicheko.

Njiti alifumba macho.

"Njiti anaogopa rangi!" msichana mmoja wa benchi la nyuma akapayuka. "Sogeeni jamani, asije akatulowesha!"

Damu iliporuka mara ya pili, Njiti hakufumba macho. Mara ya tatu alipiga kelele pamoja na wenzake, "Rangi tu!" akacheka kuliko wote, huku viganja vyake vimekuwa baridi kama maji ya mtungini.

Tangu siku hiyo hakupita karibu na kabati la karakana, maana kwenye filamu mtu alitolewa kabatini bila kichwa. Akisikia msumeno, alijikuta anahesabu vidole vyake. Baba akimuuliza, "Una nini wewe?" alijibu, "Sina kitu." Aliogopa kukatazwa banda, na zaidi aliogopa kuchekwa tena.

Jumatano alitoka shule akaketi kizingitini mwa karakana kufanya hesabu. Ndani, patasi iligonga fundo la ubao, kisha pakawa kimya.

"Njiti! Lete kitambaa, upesi!"

Aliinuka. Ubao juu ya meza ya kazi ulikuwa mwekundu, na kopo la vanishi nyekundu lilikuwa pembeni yake, limefunguliwa.

"Rangi tu!" mdomo wake ukasema, na kicheko kikamtoka.

Baba alimtazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Njiti. Uso wake ulikuwa umepauka, na mkono wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto kwa nguvu.

"Si rangi, mwanangu," akasema, akateremka polepole hadi sakafuni.

Njiti alitaka kunyamaza akashindwa. Kicheko kilimtoka chenyewe kama kwikwi, huku machozi yakimtiririka. Huyu naye akiniacha, nabaki na nani? Wazo hilo ndilo lililomsukuma. Alikimbia hadi mlango wa jirani, nesi wa zahanati aliyekuwa ametoka zamu, akaupiga kwa ngumi zote mbili.

"Mama Nesi! Baba! Damu!"

"Damu ya wapi?"

"Mkononi! Na mimi nimecheka, Mama Nesi! Nimecheka!"

"Hayo utanieleza baadaye. Chukua lile taulo safi kwenye kamba, twende!"

Patasi ilikuwa imemchana baba chini ya kidole gumba. Nesi alikunja taulo, akalikandamiza juu ya jeraha, akauinua mkono.

"Njiti, shika hapa. Bonyeza kwa nguvu, usifunue kuchungulia. Mimi natafuta gari."

"Siwezi, naogopa!"

"Ogopa huku unabonyeza."

Akabonyeza. Filamu haikumwambia kwamba damu ina joto, wala kwamba inanuka kama misumari. Meno yake yaligongana, lakini hakuachia.

"Njiti gani hii," baba akanong'ona, "inabana kama jiliwa la kubania mbao?"

Zahanati walimshona nyuzi tisa, na kidole kikabaki salama. Kesho yake Njiti alieleza kila kitu: filamu, kabati, kile kicheko. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hata mimi nina kosa. Nilisoma neno moja nikaridhika."

Jumamosi Njiti, baba yake na nesi walimwendea Bwana Pazia.

"Namba si nimeibandika?" alijitetea. "Kumi na nane, ile pale!"

"Mimi nilidhani ni sehemu ya kumi na nane," seremala akasema.

Bwana Pazia alicheka. Alipouona mkono uliofungwa bendeji akanyamaza.

"Ofisi walileta viduara, maelezo hawakuleta," akasema kwa sauti ya chini.

"Wao wako mbali," seremala akajibu. "Hawajawahi kuketi humu wakaona nani anakaa benchi la mbele. Wewe uliwaona watoto."

Bwana Pazia alichukua chaki, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: FILAMU HII INA DAMU NA WATU WANAKATWA. MWENYE MIAKA CHINI YA KUMI NA NANE HAINGII. Seremala alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali.

Nesi alimshika Njiti bega. "Kucheka si kosa, mwanangu, na kuogopa si aibu. Aibu iko kwa anayemfundisha mtoto kucheka mwenzake akiumia. Siku nyingine moyo ukikataa kitu, toka nje, hata kama benchi zima linacheka. Kisha mwambie mzazi siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, Mama Nesi." Njiti alisoma tena maandishi ya chaki, akamgeukia baba yake. "Lakini baba, kwani mtu akishakuwa mkubwa, akiona mwenzake anakatwa, yeye haogopi?"

Seremala alimtazama nesi. Nesi akamtazama Bwana Pazia, naye akawa anaifuta chaki viganjani mwake.